Kineno Kilichoachwa

Kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu nilipigia mstari mwekundu sentensi za wanachuo waliosahau "the". Sikuwalaumu sana, Kiswahili chetu hakina kineno hicho. Lakini kila mwaka alitokea mmoja wa kuniuliza, "Mwalimu, kwani kina uzito gani?" Ndipo nilipoandika ubaoni: Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, 22 Novemba 1967.

Azimio hilo, lililoandaliwa na Lord Caradon wa Uingereza, lilitaja kuondoka kwa majeshi ya Israeli "from territories" yaliyotekwa katika vita vya Juni mwaka ule, si "from the territories". Na Mwingereza huyo hakusahau kama wanachuo wangu. Israeli ikashikilia kuwa basi si lazima yawe maeneo yote. Waarabu wakaonyesha nakala ya Kifaransa, "des territoires", inayosomeka kuwa ni maeneo yale yale, na utangulizi wa azimio unaokataa ardhi kutwaliwa kwa vita. Ubishi huo haujaisha.

Nilipowapa wanachuo wafasiri, waliandika "kutoka maeneo yaliyotekwa", na ugomvi wote ukapotea. Mmoja akaongeza "yote". Nilichukua kalamu nyekundu, kisha nikaiweka chini.