Kuitikia Jibu: Adabu ya Shukrani Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mtu aliyeuliza akajibiwa bado ana deni la neno moja. Katika Kiswahili cha Ujiji na Kigoma, kama ilivyo pwani, mazungumzo hayaishi pale jibu linapotolewa. Huisha pale aliyejibiwa anapoitikia: naam, haya, nimesikia, asante. Anayeelekezwa njia akageuka na kwenda zake kimya huhesabiwa kuwa hakufunzwa, hata kama njia yenyewe ameifuata sawasawa. Adabu hii inafuatilika vizuri Ujiji kuliko katika miji mingi ya bara, kwa kuwa Ujiji ulikuwa mji wa watu waliotoka mbali: Waarabu wa Oman na Unguja, Waswahili wa Mrima, Wanyamwezi wa misafara na Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, wote wakiishi katika nchi ya Waha. Mgeni wa mji wa namna hiyo asipouliza hapati chakula, mtumbwi wala njia.

Maneno yenyewe ya shukrani yana la kusema. Asante limetokana na ahsanta ya Kiarabu, yaani "umefanya vyema". Warundi husema urakoze, au murakoze kwa heshima na kwa wengi, kutokana na gukora, kufanya kazi. Na Waha, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kirundi, wana wakoze na mwakoze. Kiarabu na lugha hizi za Waha na Warundi, zisizo na nasaba moja nacho, zilikutana sokoni Ujiji zikiwa na wazo moja: anayeshukuru hasimulii furaha ya moyo wake, anashuhudia kazi ya mwenzake. Pengine ndiyo sababu maneno hayo yaliweza kukaa kinywani mwa mtu mmoja bila kugombana. Ng'ambo, kuanzia Uvira hadi Kalemie, Kiswahili cha Kongo kilishika umbo la aksanti, na mpaka leo umbo hilo humtambulisha msemaji mbele ya sikio la Kigoma kabla hajaulizwa kwao ni wapi.

Kabla ya neno kulikuwa na viganja. Waha husifika kwa salamu ya makofi, inayokwenda pamoja na neno la salamu, mwidiwe, na maulizo ya hali, na wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliopita Uvinza na Ujiji waliandika juu ya salamu hizo kama watu waliochoshwa nazo. Kilichowachosha ndicho kilichokuwa na kazi. Makofi hupigwa na pande zote mbili, kwa hiyo anayepokea salamu hawezi kujificha nyuma ya kutikisa kichwa. Asipoitikia, kila aliye karibu anasikia. Kusini ya ziwa, kwa Wabemba na majirani zao, makofi huambatana na shukrani pia.

Kwa jambo kubwa makofi hayakutosha. Katika Buha, kama katika Burundi, kulikuwa na ubugabire, mkataba wa mwenye ng'ombe na mpewa ng'ombe. Aliyepewa aliishi akishukuru: kwa pombe, kwa kazi, kwa kufika nyumbani kwa mwenye ng'ombe na kuonekana. Rwanda, jirani wa kaskazini, kuna hata jina la tendo la kupeleka pombe ya shukrani kwa aliyetoa ng'ombe, gukura ubwatsi. Shukrani hapa haikuwa adabu tupu. Ilikuwa ushahidi kwamba ng'ombe yule alitoka kwa fulani, na mwenye kuacha kushukuru aliweza kudhaniwa kuwa anataka kumfanya wake kabisa.

Misafara ya pembe na watumwa ilipofika ziwani, bidhaa nyingine iliingia sokoni bila kupimwa kwa doti wala kwa shanga: habari. Msafara ulipokutana na mwingine njiani, kwanza ziliulizwa habari za nyuma na za mbele. Maji yapo? Mtemi gani anadai hongo, na kiasi gani? Vita vimefika wapi? Aliyejibu angeweza kudanganya bila hasara, maana baada ya saa moja wangeachana wasionane tena. Kilichomzuia kilikuwa desturi kwamba habari hulipwa kwa habari, na kwamba aliyepewa ataitikia kisha aeleze na yeye alikotoka.

Jibu lililokuwa na matokeo makubwa kuliko yote katika historia ya Ujiji lilitolewa hivyo hivyo. Mwanzoni mwa Novemba 1871, kwa hesabu yake mwenyewe, Henry Morton Stanley alikuwa karibu na mto Malagarasi akimtafuta David Livingstone, asijue kama yu hai. Akakutana na msafara wa Waguha, watu wa ng'ambo ya ziwa, wakitokea Ujiji. Akawauliza habari. Wakamwambia kuna mzungu amefika Ujiji hivi karibuni kutoka Manyema, mwenye mvi usoni, mgonjwa, aliyewahi kukaa hapo zamani. Hakuhitaji zaidi. Stanley aliwaahidi wapagazi wake nguo za ziada ili wakaze mwendo bila kupumzika, na baada ya siku chache msafara ukashuka Ujiji kwa milio ya bunduki. Kitabu chake kimehifadhi jibu la Waguha kwa urefu, lakini jina la hata mmoja wao halimo.

Si kila msafiri aliyekuwa hivyo. Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Speke Februari 1858, alimsifu kwa jina Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani wa Kazeh, karibu na Tabora ya leo, aliyewakaribisha na kuwaeleza kwamba ziwa wanalolisikia si moja bali ni maziwa matatu mbalimbali. Lakini kwa watu wa ziwani kalamu ya Burton ilikuwa chungu. Aliwalaumu kwa tamaa, akagombana na Kannena, mkubwa wa Kawele, juu ya malipo. Sehemu ya ugomvi huo ilitokana na kutofahamiana juu ya zawadi. Mwenyeji aliona kitambaa kama kuitikia ukarimu wake. Mgeni alikiona kama kodi aliyonyang'anywa. Inafaa kukiri kwamba machifu wengine walijua sana kuutumia utata huo kwa faida yao, na hongo za Buha, alizozikimbia Stanley usiku usiku mwaka 1871, hazikuwa shukrani za mtu yeyote.

Safari ya Burton kwenda kaskazini ya ziwa, Aprili 1858, ilikuwa na swali moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, ungeweza kuwa chanzo cha Nile. Speke alikuwa amerudi kutoka kisiwa cha Kasenge na maneno ya mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim, aliyemkaribisha vizuri na kumpa matumaini kwamba mto hutoka. Uvira, wana watatu wa sultani Maruta walijibu vingine: mto unaingia. Jibu hilo lilimvunja Burton moyo, na mjadala wa Ulaya uliendelea kwa miaka kama vile swali halijajibiwa. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia mpaka huko, wakaona mto ukiingia. Vijana wa Uvira walikuwa wamesema kweli miaka 13 kabla. Anayetoa jibu lisilopendwa, inaelekea, hana mtu wa kumwitikia.

Kuhusu siku ya Stanley na Livingstone kukutana Ujiji, sentensi iliyopata umaarufu ni salamu ya Stanley, "Daktari Livingstone, nadhani?", ingawa kurasa za shajara yake za wakati huo zilichanwa na wanahistoria wengine wanatilia shaka kama aliitamka. Yaliyoizunguka siku hiyo ndiyo yanayoonyesha adabu ya mji. Siku chache kabla, Livingstone alirudi kutoka Manyema akakuta bidhaa zake zimeuzwa na Sherif, mtu aliyekabidhiwa, ambaye alidai kuwa alitazamia kwa Kurani akaona mzee amekwisha kufa. Sayid bin Majid, Mwarabu wa Ujiji, akamwendea faraghani, akamwambia hana bidhaa ila pembe, na akaomba amruhusu auze baadhi amsaidie. Livingstone hakukataa na hakupokea. Aliacha mlango wazi kwa wakati mwingine. Mtu aliyekaribia kuishiwa alikuwa amejibu toleo la msaada bila kumvunjia heshima mtoaji.

Stanley alipofika, wawili hao, mgeni na mwenyeji, walikaa barazani mbele ya nyumba ya udongo. Mfuko wa barua uliofungwa Novemba 1, 1870 ukaletwa. Livingstone alifungua barua moja au mbili za watoto wake, kisha akauweka magotini na kutaka kwanza habari za dunia kutoka kwa mgeni wake. Hilo lingeeleweka na kila mtu aliyekuwa Ujiji siku ile: mjumbe aliye mbele yako huitikiwa kabla ya karatasi. Wakati wanazungumza, vyakula vilianza kuingia. Sayid bin Majid alipeleka vitafunwa vya nyama vya moto, Mohammed bin Sali kuku wa mchuzi, na Mwinyi Kheri, Mswahili wa pwani ambaye baadaye alikuwa mkubwa wa mji, nyama ya mbuzi na wali. Vyombo vya mwenye kupika havirudishwi bila neno. Mahali pengine havirudishwi vitupu.

Uingereza nayo ilijaribu kuitikia kwa njia yake. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iliagiza medali 60 kwa ajili ya watu waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani mwaka 1873 na 1874, lakini zilipofika Unguja wengi walikwisha kutawanyika wasizipate. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton na Speke na kisha Stanley, alipewa medali ya fedha na pensheni mwaka 1876.

Kwa wafanyabiashara wa Ujiji, mahali ambapo kuitikia hakukuwa na mjadala ni katika barua. Barua kutoka Unguja ilichukua miezi, ikipita mikono ya watu wengi. Kwa hiyo jibu lilianza kwa kuthibitisha kupokea: baada ya salamu, waraka wako umewasili, nami nimefahamu yaliyomo, ndipo mambo mengine yakafuata. Mtindo huo uko katika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizochapishwa na C. G. Büttner huko Berlin mwaka 1892, na tabia za salamu, za kutembeleana na za kupokea wageni zilielezwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Bagamoyo ndiko njia ya Ujiji ilikoanzia, na tabia zilisafiri na mizigo. Waraka ni nusu ya kuonana, husema Waswahili. Usiposema umeufahamu, nusu hiyo nayo imepotea.

Waya wa simu uliotoka kusini mwa Afrika ulifika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20 na haukuendelea zaidi. Simu ya maandishi ililipiwa kwa neno, hivyo salamu zilikuwa za kwanza kukatwa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, barua zikaacha kubebwa kichwani, na Ujiji ukapoteza nafasi yake kwa bandari mpya iliyo kilomita chache tu kaskazini. Vijiji vya mwambao, ambavyo vingi havikuwa na gati wala barabara, vilibaki vikitegemea meli. Graf von Götzen ya Wajerumani, iliyozamishwa 1916, ikaopolewa 1924 na kuanza tena kazi 1927 kwa jina la Liemba, ilisimama majini na mitumbwi ikaifuata kupakia watu na mizigo. Aliyemtumia ndugu yake furushi kwa meli hiyo alisubiri irudi ndipo asikie kutoka kwa abiria au baharia kwamba limefika. Neno "limefika" lilikuwa shukrani na risiti kwa pamoja.

Baadaye gazeti na redio vilitoa nafasi ya kuitikiana mbele ya watu. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji, na katika ushairi wa Kiswahili shairi la swali hudai shairi la jawabu, lenye kumtaja muulizaji kwa heshima hata pale linapompinga. Zama za Radio Tanzania Dar es Salaam wakaja wana-salamu na kadi zao, watu waliofahamiana kwa majina bila kuonana, na kipindi cha Ugua Pole kwa walio hospitali. Aliyetajwa redioni naye aliona wajibu wa kuandika kadi. Wengine waliwacheka kwa kutumia fedha ya stempu kwa ajili ya kusalimu tu, lakini mababu zao walikuwa wakipiga makofi kwa muda huo huo.

Tangu 1972 wakimbizi kutoka Burundi, na kuanzia 1996 Wakongo wengi waliopokelewa Nyarugusu wilayani Kasulu, wameyarudisha maneno matatu ya shukrani katika soko moja: asante, aksanti na murakoze. Wauzaji huitikia lolote watakaloambiwa. Jibu la asante lenyewe hutofautiana. Wengi siku hizi husema karibu. Wazee huridhika na haya, au starehe. Lipo pia jibu ambalo mgeni wa lugha hudhani ni kosa la ulimi, nalo husikika Kigoma kama kwingine Tanzania: asante kushukuru. Aliyeshukuriwa anamshukuru mwenzake kwa kuwa ameshukuru, na kwa kawaida mtu wa kwanza hucheka, kwa sababu zamu imemrudia.