Kaunta ya Kukodi (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Kamati ya sendofu ya Upendo imeukimbia ukumbi baada ya kuambiwa kuwa kila chupa itakayoingizwa kutoka nje italipiwa. Shughuli imehamia uani kwa Baba Mdogo Kessy, Mbezi Beach. Tumaini, dada yake Upendo na mkuu wa vinywaji kwenye kamati, amemkodi Deo, kijana mwenye kaunta ya kukunjwa anayehudumia sherehe za watu. Wamekubaliana kwamba familia itanunua vinywaji, na Deo ataleta kaunta, glasi, barafu na wasaidizi wawili. Saa kumi na mbili jioni, wageni wameanza kuingia, Tumaini anapita nyuma ya jiko na kumkuta Deo akimimina wiski kwenye karo…

SASA ENDELEA

"Deo!"

Kijana hakushtuka. Alimalizia kumwaga, akaisimamisha chupa tupu ukingoni mwa karo, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa begani.

"Dada Tumaini, afadhali umekuja mwenyewe. Nilikuwa natafuta mtu wa kukuita pembeni bila makelele."

"Unamwaga wiski ya watu halafu unanifundisha habari za makelele? Unajua chupa hiyo imechangiwa na watu wangapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Anayezijua kamati za harusi za Dar es Salaam anajua kwamba ahadi si fedha. Kwenye daftari la mhazini majina yalikuwa yamejaa kurasa tatu, lakini hadi Alhamisi usiku Tumaini alikuwa bado anapiga simu za "shikamoo mjomba, nakukumbushia ile ahadi", na wajomba wanajibu marahaba, kisha mtandao unasumbua ghafla. Kwa fedha iliyopatikana, kamati ilimudu chupa kumi na mbili za wiski. Deo ndiye aliyempigia hesabu siku walipoandikiana: chupa ya mililita 750 ukiipima kwa toti ya mililita 30 inatoa toti 25, kwa hiyo chupa kumi na mbili ni toti 300. Wageni ni 150.

"Mbili mbili kila mtu," Tumaini alikuwa amesema, akiridhika.

"Hapana, dada. Walokole sifuri, wajomba sita."

Maneno kama hayo ndiyo yaliyomfanya amwamini. Kijana alikuwa anaijua kazi. Aliikataa barafu ya Feri kwa sababu iliyolala na samaki haifai kwenye glasi ya mtu. Aliomba kaunta iwekwe mbali na meza za chakula ili foleni mbili zisigongane. Na saa moja tu iliyopita Tumaini alimwona kwa macho yake akimnyima bia mtoto wa Shangazi Rehema, kijana wa kidato cha pili mwenye ndevu za kubabaisha. "Ukifika miaka kumi na nane njoo, kaka. Hata kama baba yako ndiye anayenilipa."

Sasa mtu huyohuyo alikuwa anamwaga mali.

"Njoo uone," Deo alisema.

Alitoa chupa nyingine kwenye boksi, mpya, stempu ikiwa imebandikwa vizuri juu ya kifuniko. Akaisogeza karibu na sikio la Tumaini, akazungusha kifuniko. Kilizunguka kimya.

"Chupa mpya inalia pale kifuniko kinapokatika. Hii umeisikia?"

Tumaini hakujibu.

"Tazama mdomoni. Wiski hii ya nje huja na kiplastiki ndani ya shingo, kina gololi. Kazi yake ni kuzuia mtu asijaze tena. Kiko wapi? Kimeng'olewa. Haya, nusa. Usionje."

Akanusa. Ilinuka sukari iliyoungua, na nyuma yake kitu kikali kilichompanda hadi kwenye paji la uso.

Deo alitoa simu na kufungua programu ya Hakiki Stempu. Tangu mwaka 2019 pombe kali inayouzwa kihalali nchini hubandikwa stempu ya kielektroniki ya TRA, na kila stempu ina namba yake peke yake. Ni jambo ambalo wenye shughuli wengi hawana habari nalo. Simu hizi tunazo, lakini kwenye sherehe tunazitumia kupiga picha za keki. Deo aliielekeza kamera kwenye chupa ya kwanza, akamsomea Tumaini namba. Akaielekeza kwenye ya pili. Namba ileile. Ya tatu, ileile.

"Stempu moja imechapishwa ikarudiwa," alisema. "Hizi chupa ni mapacha, dada, na hakuna mama aliyezaa mapacha wa namna hii."

"Lakini chupa zenyewe ni halisi. Naona nembo, naona karatasi…"

"Chupa ni halisi kabisa. Zilinywewa na watu wengine, kwenye sherehe nyingine, zikaokotwa. Ndiyo maana kwenye karatasi yetu niliandika kwamba chupa tupu zisitoke uani. Ulidhani nataka kuziuza, sivyo?"

Ni kweli alidhani hivyo. Alikuwa hata ameilalamikia kamati kwamba batenda ana tamaa hadi ya chupa tupu.

"Chupa tupu ina bei kwa wanaojaza," Deo aliendelea. "Wanatafuta chupa, wanatafuta kifuniko, wanatafuta karatasi. Cha kutia ndani ndicho rahisi kuliko vyote."

Upande wa pili wa ukuta, mshereheshaji alikuwa anajaribu kipaza sauti. Harufu ya pilau ilikuwa imetanda. Akili ya Tumaini ilikuwa inakimbia kinyumenyume: mzigo ulilala stoo tangu Ijumaa jioni. Ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye. Leo saa nne asubuhi Deo alifika na kirikuu yake, akaomba ufunguo ili apange friza, akakaa nao karibu saa nzima. Kirikuu ilikuwa imejaa maboksi. Nani aliyahesabu maboksi yale?

"Deo, ufunguo ulikuwa nao wewe asubuhi."

"Ndiyo, dada. Nihesabu na mimi humo, ni haki yako. Lakini ningekuwa mimi niliyebadilisha, ningekuonyesha?"

"Wezi wengi huwa wa kwanza kuita polisi."

Deo aliinamisha kichwa. Huyu si mtoto wa mtaani aliyeokota sheka akajiita batenda. Alifanya kazi kwenye hoteli Zanzibar hadi corona ilipofunga vyumba mwaka 2020, akarudi Sinza, akaungana na fundi wa kuchomelea wakatengeneza kaunta ya kwanza ya mabomba na mbao. Jina lake ndilo mtaji wake. Tumaini aliyajua hayo yote, na bado hakuweza kuyategemea.

"Mwite nesi," Deo alisema kwa sauti ya chini. "Kuna nesi kwenye familia?"

Binamu Veronika aliletwa akiwa na kitenge cha sare na sahani ya sambusa mkononi. Alinusa, akaiweka sahani chini.

"Mimi siwezi kukuambia kilichomo humu, na wewe huwezi, na hakuna mtu hapa anayeweza. Pombe ya kujazwa inaweza kuwa spiriti na rangi tu. Inaweza pia kuwa na methanoli, na methanoli huijui kwa kunusa wala kwa kuonja. Kenya mwaka 2014, Embu na Kiambu, makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe ya namna hiyo."

"Kama mtu ameshakunywa?"

"Hapo ndipo pabaya. Anaweza kucheza muziki hadi usiku wa manane, akalala vizuri, na kesho ndipo tumbo linauma, kichwa kinapasuka, macho yanaona ukungu. Dalili zinachelewa, saa kumi na mbili, hata siku nzima. Anayejisikia mzima sasa hivi hajanihakikishia kitu. Mtu akinywa anapelekwa hospitali kabla hajaumwa. Kuna mtu amekunywa?"

Tumaini alimgeukia Deo, na kwa mara ya kwanza jioni ile akaona uso wa kijana umepauka.

"Salma," Deo aliita. Msaidizi wake alichungulia kutoka kwenye kaunta. "Zile jagi za kinywaji cha wachumba. Ulitumia chupa ipi?"

Kinywaji cha wachumba kilikuwa wazo la Deo: wiski, tangawizi, asali na ndimu, kipewe majina ya Upendo na Eliya na kinywewe wakati wa kugonganisha glasi, badala ya shampeni. Kamati ilipiga makofi siku hiyo, kwa kuwa shampeni ilikuwa ghali.

"Chupa ya kwanza ya boksi, kaka," Salma alijibu. "Nilichanganya saa kumi na moja, kabla hujarudi na barafu. Jagi moja iko hapa."

"Na nyingine?"

"Wameshaichukua. Iko meza kuu."

Veronika alikuwa ameshaanza kuvua viatu vya kisigino.

"Hapana, subiri," Tumaini alimshika mkono. "Tukiingia mbio tutavunja shughuli. Ukweni wako pale, watu wazima wametoka Marangu kwa basi. Hawajafika kwenye glasi bado, ratiba ninayo: kwanza utambulisho, kisha keki. Salma, mwaga hiyo jagi. Deo, funga wiski yote, mtu akiuliza mwambie friza imegoma, mpe bia. Veronika, nenda meza kuu kwa utaratibu, chukua jagi, sema unaongeza barafu. Mimi namtafuta Baba Mdogo."

Baba Mdogo Kessy ndiye aliyepewa fedha ya wiski. Alikutwa chini ya mwembe pamoja na wazee wa ukweni, kata ya mbege ikizunguka. Wale angalau walikuwa salama. Mbege yao ya ndizi na ulezi walikuja nayo wenyewe kwenye madumu na hawakutaka kusikia habari za kaunta.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Nakuomba pembeni kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jasho?"

"Ile wiski ulinunua duka gani?"

"Si nilikuambia? Kariakoo."

"Mtaa gani?"

"Kariakoo, Tumaini. Kariakoo ni Kariakoo."

"Naomba risiti ya EFD."

Mzee alitazama wakwe, akatazama viatu vyake. Ni mtu mwenye sauti kubwa kwenye vikao, aliyewahi kumfukuza mjumbe kwa kuchelewa dakika kumi. Sasa alinong'ona.

"Sikwenda Kariakoo."

"Baba Mdogo!"

"Nisikilize. Alhamisi Eliya alinipigia simu. Akasema, Baba, nasikia kamati imebanwa, nina mtu anayenipa mzigo kwa nusu bei, acha nisaidie ukweni bila kujulikana. Nikaona, mkwe wa namna hii tunampata wapi? Nikamtumia fedha yote. Chenji akanirudishia, nikaweka mafuta kwenye gari. Ijumaa jioni akaleta mzigo mwenyewe."

Eliya, mchumba wa Upendo! Tumaini alihisi magoti yanalegea, kisha akajikaza. Huenda ametapeliwa. Ndiyo, mtu mwema ametapeliwa. Wiski ya nusu bei hutapeli wengi. Deo hana kosa. Eliya naye huenda hana.

Hapo ndipo muziki ulipokatika.

"Mabibi na mabwana!" mshereheshaji alinguruma. "Wahenga walisema ratiba ni ya binadamu. Nimeambiwa baba wa bwana harusi ana safari alfajiri, kwa hiyo keki itasubiri. Naomba wote tusimame! Kila mwenye glasi ainyanyue! Bibi harusi wetu, mmiminie mchumba wako kinywaji chenu!"

Tumaini alikimbia. Alipita katikati ya meza, akamgonga mpishi, akasikia sinia likianguka nyuma yake. Mbele alimwona Veronika amezuiwa na wapiga picha waliojipanga mbele ya meza kuu. Upendo, kwenye gauni lake la rangi ya dhahabu, alikuwa ameshika jagi. Alijaza glasi yake kwanza, watu wakacheka, kisha akaielekeza jagi kwenye glasi ya Eliya.

Eliya akaifunika glasi kwa kiganja.

Huyu ndiye Eliya ambaye siku ya posa alimaliza nusu chupa ya wiski peke yake, maneno yakamponyoka, na mahari ikapanda. Hajawahi kuikataa wiski mbele ya Tumaini hata siku moja.

"Mimi leo maji tu, mpenzi," alisema, na kipaza sauti kilichokuwa mezani kikalitangaza neno hilo hadi chini ya mwembe. "Wewe kunywa."

Ukumbi wa uani uliitikia kwa vigelegele. Tumaini alifika mbele akiwa hana pumzi, akampokonya mshereheshaji kipaza sauti, akapaza sauti: "Upendo, usinywe!"

Vigelegele vilikatika. Eliya aligeuka, akamtazama Tumaini, kisha akatazama geti.

Upendo alikuwa ameshameza funda la kwanza.

Je, Eliya alijua kilichomo ndani ya chupa? Na kwa nini geti limefungwa kwa nje? Usikose sehemu ya tano Jumamosi ijayo.