Jinsi ya kunyoa malaika ya uso bila kuumiza ngozi

USO wa mwanamke una nywele nyororo ziitwazo malaika. Wembe huyaondoa pamoja na seli zilizokufa za tabaka la juu, na ngozi hubaki laini kwa siku kadhaa.

Wengi huogopa kuota ndevu. Hofu hiyo haina msingi, kwani wembe hukata unywele juu ya ngozi wala haugusi shina lake. Ncha iliyokatwa huwa butu, ndiyo maana huhisiwa kama imekuwa nene.

Hatari halisi ni vipele. Nywele za kipilipili zikikatwa chini mno hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, zikaacha madoa meusi.

Kwa hivyo, nawa uso kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha paka jeli ya mshubiri. Vuta ngozi kidogo, ulaze wembe mpya, na unyoe polepole kufuata uelekeo wa nywele. Suuza kwa maji baridi na upake mafuta yasiyo na manukato.

Mwenye chunusi zilizovimba, ukurutu au makovu yanayofura asinyoe. Wembe pia usiazimwe, hata kwa dada, kwa kuwa damu hueneza virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini.

Aidha, nywele ngumu zikizuka ghafla kidevuni huku hedhi ikivurugika, huenda homoni zina kasoro. Hapo muone daktari kwanza. Wembe hautatibu chanzo chake.