Kukatwa titi na kurudishiwa umbo: historia inatufundisha nini?



Ndugu zetu katika imani, kina baba, kina mama na wanafunzi wetu wa Jinja na Mbale. Kuna suala ambalo familia hutuletea sisi walimu wa madrasa kwa sauti ya chini. Mama amegunduliwa na saratani ya titi, bado changa, na daktari anataka titi likatwe. Mume amenyamaza. Wazee wanauliza: je, huku si kubadilisha maumbile ya Allah (SW)? Na titi likiundwa upya, si haramu? Majibu yanachelewa, lakini ugonjwa hauchelewi. Basi tuitazame historia.

Kwanza, kukata. Miaka elfu moja iliyopita huko Cordoba, Andalusia, aliishi tabibu wa Kiislamu Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu mwaka 1013. Katika kitabu chake At-Tasrif alifundisha kuwa saratani ikiwa changa, na iko mahali inapoweza kuondolewa yote, kama kwenye titi, ikatwe. Ikishakuwa kubwa na ya siku nyingi alionya isiguswe, kwani hakuwahi kumponya mgonjwa wa namna hiyo wala kumuona aliyeponywa na mwingine. Tangu zama hizo, basi, tofauti ilikuwa ni wakati.

Pili, kurudisha umbo. Sahaba Arfaja bin As'ad (RA) alikatwa pua katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu. Akajiwekea pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya. Mtume (SAW) akamwamuru aweke ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini hapa iliruhusiwa. Na pua ile haikutibu maradhi. Ilimrudishia mtu sura yake. Ndiyo maana Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro iliyoletwa na maradhi au ajali, likautenga na ule wa kutafuta urembo tu.

Tatu, tiba ya zama zetu. Mwaka 1894 William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieleza upasuaji wake wa kuondoa titi pamoja na misuli ya kifua. Mwaka 1906 Iginio Tansini wa Italia akaeleza jinsi ya kuziba jeraha hilo kwa ngozi na msuli wa mgongoni mwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2002 tafiti mbili za miaka 20, moja ya Marekani na moja ya Italia, zilionyesha kuwa saratani ikiwa changa, mwanamke aliyeondolewa uvimbe tu kisha akapigwa mionzi huishi muda sawa na aliyekatwa titi lote.

Lakini njia hiyo inahitaji mionzi. Uganda Cancer Institute ilianzishwa Mulago mwaka 1967, na matibabu ya mionzi yakaanza hapo mwaka 1995. Mashine ilipoharibika mwaka 2016, nyingine haikuzinduliwa hadi mwanzoni mwa 2018. Kutoka Jinja hadi Kampala ni kama kilomita 80, kutoka Mbale ni zaidi ya 200, na mionzi hutolewa kwa wiki kadhaa mfululizo. Kwa hiyo kwa mama wa huku kwetu, kukatwa titi lote mara nyingi ndiyo njia iliyo karibu.

Enyi kina baba, mkeo akiambiwa hivyo, fuatana naye kwa daktari. Mwulizeni kama mionzi inawezekana, na kama titi linaweza kuundwa upya, sasa au baadaye. Akichagua kutoundwa upya, au kuvaa titi la kitambaa ndani ya sidiria, huo ni uamuzi wake. Haki zake za ndoa hazipungui hata kidogo.

Nanyi wanafunzi, mama au shangazi akisema ameona uvimbe, msimwambie asubiri.

Tunamuomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu na azipe familia zao subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.