Bustani ya Jikoni ya Lisse

Kwa Kiholanzi, Keukenhof ni bustani ya jikoni. Karne ya 15, ardhi hii ya Lisse, magharibi mwa Uholanzi, ilikuwa pori na vilima vya mchanga. Humo waliwindwa wanyama na kuchumwa mboga za meza ya Jacoba van Beieren, bibi wa ngome ya Teylingen. Ua la tulipu halikuwa limefika.

Lilitoka kwa Waturuki wa dola ya Osmani, na jina lake hunasibishwa na kilemba. Mwaka 1593 mwanabotania Carolus Clusius alianza kazi katika bustani ya Chuo Kikuu cha Leiden, jirani na Lisse, akapanda matunguu ya tulipu. Mchanga wa pwani usiotuamisha maji uliyafaa, na baridi, ambayo tulipu haichanui bila kuipitia, ilikuwapo tele. Walanguzi wakaingia. Tunguu moja la aina adimu likafikia bei ya nyumba, hadi soko lilipoporomoka Februari 1637.

Vita vya Pili vya Dunia vikalifikisha tunguu jikoni. Katika majira ya baridi ya 1944–45, Wajerumani walipozuia chakula kufika miji ya magharibi, watu walichemsha matunguu ya tulipu na kuyasaga unga ili waishi. Takriban 20,000 walikufa.

Miaka minne baadaye, mwaka 1949, wakulima na wasafirishaji 20 mashuhuri waliamua kuyaonyesha tena matunguu hayo kwa fahari. Walichagua uwanja wa kasri la Keukenhof, ambao Jan David Zocher na mwanawe Louis Paul waliupanga upya mwaka 1857. Mteja angeliona ua likiwa limechanua kabla ya kuagiza tunguu. Milango ilifunguliwa 1950, na mwaka huohuo walifika watu 236,000.

Leo bustani ina hekta 32 na hufunguliwa kwa wiki nane tu, kuanzia katikati ya Machi. Kila mwaka, kuanzia Oktoba, matunguu yapatayo milioni 7 hupandwa kwa mkono. Mahali pengine hupangwa kwa tabaka: yanayochelewa chini, yanayowahi juu, ili maua ya kwanza yakinyauka mengine yachomoze palepale.

Machipuko ya 2020, korona ilifunga milango. Tulipu zilichanua kwa wakati wake, njia zikiwa tupu, na watu wakazitazama kwa video majumbani. Oktoba ilipofika, watunza bustani walipiga magoti udongoni, wakapanda matunguu mengine.