Kusoma msimbo wa marehemu: upanga wa Ulaya

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na sababu ni kidole gumba. Kilivimba hata kikakataa kugusa kibodi. Mimi na rafiki yangu mmoja tumekuwa tukijifunza, kwa fimbo, kupigana kwa upanga mrefu wa Ulaya ya zama za kati, na Jumapili moja fimbo yake ilitua pale pale. Tulikuwa tumesoma ukurasa vibaya. Au labda tuliusoma vizuri na ni mimi niliyechelewa. Hatukuwa na wa kumwuliza, na hilo ndilo tatizo zima la mchezo huu.

Hebu fikiria. Kule Japani zipo shule za upanga kama Katori Shinto-ryu, ambazo mwalimu amemfundisha mwanafunzi, naye akamfundisha mwingine, tangu karne ya 15. Ulaya silsila hiyo ilikatika. Hakuna aliyejifunza upanga mrefu kwa babu yake. Kilichobaki ni maandishi. Kwa sisi wa tarakilishi hii ni hali tunayoijua sana: umeajiriwa leo, aliyeandika mfumo aliondoka zamani, na umeachiwa faili tu.

Kitabu cha kale zaidi cha namna hii kilichobaki kinaitwa I.33. Kiliandikwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 14, kwa Kilatini kilichochanganywa na maneno ya Kijerumani pale Kilatini kilipokosa jina la kitu. Kinaonyesha kasisi, naam, kasisi, akimfundisha kijana upanga na ngao ndogo ya duara. Kurasa za mwisho anatokea mwanamke anayeitwa Walpurgis naye akipigana. Hakuna maelezo ya kwa nini. Nakala ni moja tu duniani. Ilikuwa katika maktaba ya Gotha, ikapotea wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha ikaibuka katika mnada London mwaka 1950. Royal Armouries wakainunua na sasa iko Leeds. Wale msiofanya bekapu, nawasalimu.

Lakini anayenisumbua mimi ni Johannes Liechtenauer. Alikuwa bingwa wa Kijerumani wa karne ya 14, na mafundisho yake aliyaweka katika beti. Si beti za kueleza. Wanafunzi wa baadaye wanasema wazi kwamba aliyaficha maneno makusudi, ili walimu wa ovyo ovyo wasije wakaifanya sanaa yake kuwa ya kila mtu. Yaani alisimba. Kuna mapigo matano ya siri: pigo la hasira, pigo lililopinda, pigo la kukingama, pigo la makengeza na pigo la utosi. Ukiyasoma peke yake hujui hata mguu upi unatangulia.

Bahati nzuri, katika karne ya 15 walitokea watu kama Sigmund Ringeck walioandika ufafanuzi chini ya kila ubeti. Ndizo komenti zetu. Ufunguo uliokuwa kichwani mwa watu wachache ukaingia kwenye karatasi, na bila wao leo tungekuwa na mashairi magumu tu. Tatizo ni kwamba wafafanuzi wenyewe hawakubaliani kila mahali, na wote wanamwandikia mtu ambaye tayari ameshika upanga tangu utotoni. Mswada mmoja ulioko Nuremberg, unaojulikana kwa namba 3227a, unakiri jambo hilo bila aibu: mapigano hayawezi kuandikwa kwa uwazi kama yanavyoweza kuonyeshwa kwa mkono. Niliposoma hapo nilicheka. Mwandishi wa maelezo anayekwambia kwamba maelezo hayatoshi!

Waitaliano walikuwa na akili ya mpangilio zaidi. Fiore dei Liberi, ambaye kitabu chake ni cha takriban mwaka 1409, alichora kila hatua. Mwalimu amevikwa taji kichwani, mwanafunzi anayetekeleza mbinu ana utepe chini ya goti, na anayemshinda mwanafunzi huyo ana vyote viwili. Unajua nani anashinda kabla hujasoma neno lolote. Kuna wabunifu wa tovuti wanaohitaji kukaa na Fiore kwa wiki moja. Nakala moja iko katika jumba la Getty huko Los Angeles, na picha zake mtu yeyote anaweza kuzitazama kwenye mtandao.

Sasa sanaa hii ilikufaje? Wengi hujibu haraka: bunduki. Ni kweli kwa sehemu. Lakini hata mwaka 1570, Joachim Meyer alipochapisha kitabu chake kikubwa mjini Strasbourg, upanga mrefu ulikuwa umeshakuwa mchezo wa wanachama wa vyama vya mafundi, na kudungana kwa ncha kulikuwa kumeachwa miongoni mwa Wajerumani. Mitindo ikabadilika, panga nyembamba za kudunga zikashika soko, na taratibu hakuna aliyebaki wa kufundisha.

Katika miaka ya 1880 na 1890, Waingereza wawili, Egerton Castle na Alfred Hutton, walifukua vitabu hivi na hata kufanya maonyesho. Tuwashukuru. Ila Castle aliamini kwamba upiganaji wa kale ulikuwa wa kishenzi, nguvu bila ufundi, na kwamba ufundi ulikuja na wakati wake yeye. Wazo hilo lilitawala kwa karibu miaka 100. Ndiyo maana bado utamkuta mtu anayekwambia panga za zama za kati zilikuwa nzito kama reli. Upanga mrefu wa kawaida una kilo 1.2 hadi 1.5 hivi. Pakiti ya unga ya kilo 2 ni nzito zaidi, na hiyo mama yako anaibeba pamoja na sukari.

Kufikia miaka ya 1990 vikundi vya Ulaya na Marekani vilianza upya, safari hii kwa kusoma vitabu kwanza. Hapa ni lazima nitofautishe. Kuna waigizaji wa vita vya kale, ambao mapigo yao hupangwa ili watazamaji wafurahi na hakuna anayeumia. Kuna jumuiya ya SCA, iliyoanzia kwenye sherehe ya nyuma ya nyumba huko Berkeley mwaka 1966, ambao hupigana kweli ila kwa fimbo za henzirani. Na kuna hawa wa vitabu, wanaovaa kinyago na glavu nene na kushika upanga wa chuma usio na makali. Wao intaneti iliwabadilishia kila kitu. Mswada uliohitaji nauli ya kwenda Nuremberg ukawa picha, picha ikawa maandishi, maandishi yakatafsiriwa na watu wa kujitolea na kuwekwa bure. Ni programu huria kabisa, hata ugomvi wake ni ule ule.

Mashindano nayo ndiyo majaribio ya msimbo. Ufafanuzi wako ukifanya kazi dhidi ya mtu asiyetaka ufanye kazi, basi una kitu. Lakini jaribio nalo lina kasoro yake. Ukitoa pointi kwa kumgusa mwenzako, watu watajifunza kugusa, hata kama wanaguswa wakati huo huo. Kwa upanga wenye makali wote wawili wangezikwa. Kwenye ubao wa pointi, wanaendelea na raundi ya pili. Waandaaji wamejaribu adhabu za kila aina na bado hawajakubaliana.

Kuhusu kidole changu: lilikuwa pigo la hasira. Panga zinapokutana unatakiwa uhisi kwanza kama mwenzako amekaza au amelegea. Akikaza, unaondoa upanga wako juu na kumpiga upande wa pili. Mimi niliondoa bila kuhisi, naye alikuwa amelegea tayari na anakuja. Tumerudi kwa Ringeck, tumesoma tena sentensi tatu, na rafiki yangu bado anadai hatua ya mguu ilikuwa yangu na nilikosea. Jumapili hii tunarudia, na nimeazima glavu za fundi wa kuchomelea.