Kuanzisha ni Rahisi, Kusimamisha Je?

Juma lililopita niliingia katika ofisi moja hapa mjini kufuata karatasi zangu. Niliwakuta makarani wamekunja mikono. Kompyuta zote zilikuwa zikijibadilishia programu, na kila kioo kimeandikwa kwamba isizimwe. Nikamwuliza kijana fundi, "Kwani huwezi kuzisimamisha?" Akanijibu, "Mzee wangu, kazi hii ilipangwa tangu mwezi jana, na aliyeipanga yuko likizo."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, lakini nimepata mazungumzo ya leo.

Kuipangia kompyuta kazi ya kufanya bila mtu si jambo jipya. Mwaka 1979 maabara za Bell za Marekani zilitoa toleo la saba la Unix, na ndani yake mlikuwamo programu ndogo iitwayo cron. Ilikuwa kama mlinzi wa usiku: inasoma orodha, na saa ikifika inatimiza ilichoandikiwa. Kuizuia kulikuwa kazi ndogo. Fundi alifungua orodha akaufuta mstari mmoja, basi. Kompyuta ilikuwa moja na orodha ilikuwa moja.

Baadaye kompyuta zikaunganishwa kwa maelfu. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuja na amri iitwayo schtasks, ambayo fundi huiandika kwa kibodi ili kupanga kazi au kuizima, hata katika kompyuta iliyo chumba kingine. Mwaka 2006 ikafuata PowerShell, yenye amri nyingi zaidi. Mtu mmoja aliyeketi kitini akaweza kuamrisha ofisi nzima. Hapo ndipo makosa nayo yalipokua.

Mwezi Mei 2014, katika Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, kazi ya kuweka Windows 7 ilitumwa kwa bahati mbaya kwa kompyuta zote za Windows zilizokuwa chini ya mtambo wa kusambaza programu. Hatua ya kwanza ya kazi ile ilikuwa kufuta kila kilichomo kwenye diski. Mafundi walipogundua, waliukimbilia mtambo wenyewe wakauzima. Walikuwa wamechelewa: nao ulikwisha kujifuta, kwa kuwa ulikuwa miongoni mwa kompyuta zilizopokea amri.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Katika mitambo ya namna hii, kila kompyuta hupokea agizo na kulishika. Kuuzima mtambo mkuu ni kama kufunga posta wakati barua zimekwisha fika majumbani. Kinachotakiwa ni amri ya kulibatilisha agizo lenyewe, nayo itolewe mapema, kabla kompyuta hazijaanza kulitekeleza.

Kisa cha pili ni cha fedha. Mwaka 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa ikiweka programu mpya ya kununua na kuuza hisa katika seva nane. Fundi aliziwekea saba, ya nane akaisahau. Tarehe 1 Agosti, saa tatu na nusu asubuhi, soko la New York likafunguliwa. Katika seva ile ya nane, programu ya zamani iliyokuwa haitumiki tangu 2003 ikaamka, ikaanza kumwaga maagizo sokoni.

Kabla ya soko kufunguliwa, mitambo ya kampuni ilikuwa imewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zenye kutaja hitilafu. Hazikushughulikiwa. Kisha katika kuhangaika, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba nzima, na ugonjwa wa seva moja ukawa wa zote nane. Katika muda wa dakika 45 biashara milioni 4 zilikuwa zimefanyika, na hasara ikapita dola milioni 460. Oktoba 2013 serikali ya Marekani iliitoza kampuni faini ya dola milioni 12. Wakati huo Knight ilikwisha kuunganishwa na kampuni nyingine.

Msikilizaji, sisemi tuziogope kompyuta. Mshahara wako na umeme unaoununua kwa simu vinapita humo. Nasema kwamba hakuna anayekabidhiwa basi la abiria kwa kuwa anajua kuliwasha tu. Huulizwa kwanza kama anajua breki iliko. Basi kila ofisi ijiulize: kazi gani zimepangwa kujiendesha? Amri ya kuzizima ni ipi, na imeandikwa wapi? Imewahi kujaribiwa? Na aliyezipanga akienda likizo, nani mwingine anaijua?

Maji yakimwagika hayazoleki. Yule kijana fundi, nikirudi kwa karatasi zangu, nitamwuliza kama ameipata amri hiyo.

Kwaheri, mpaka juma lijalo.